Picha ya Gari Lililokwama Matopeni

Kijana aliyekuja kuniona wiki iliyopita alikuwa na swali lile lile mnaloniuliza nyote, vijana wa kamera. "Mathe, ninunue kamera gani?" Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga za managu. Nikamwambia anipe simu yake. Nikaigeuza, nikatazama lenzi. Ilikuwa na utando wa mafuta, nadhani ya chipsi. Nikaipangusa kwa pindo la leso yangu, nikamrudishia.

"Anza na hii," nikamwambia.

Akacheka, akadhani namkwepa. Kisha akapiga picha ya managu yangu ndani ya ungo, akaitazama.

"Kumbe simu yangu haikuwa mbaya," akasema.

Basi hilo ndilo somo la kwanza. Picha nyingi mnazonionyesha mkilalamika zina ukungu, ule si ukungu wa baridi ya Molo. Ni wa vidole vyenu.

Mimi naitwa Rukia. Nimepiga picha hapa Nakuru na mashambani kote kuzunguka maisha yangu yote ya kazi, tangu enzi za filamu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka nikamwachia binti wa dada yangu kamera. Mikono imechoka lakini mdomo bado, kwa hiyo mtanivumilia. Sitafuata miaka kwa mpangilio. Nitasema jinsi linavyonijia.

Kazi hii niliingia kupitia mlango wa wanawake. Sisi ni watu wa mtaa wa Bondeni, wazee wetu walitoka pwani zamani wakafuata reli na biashara, na harusi zetu zina upande wa wanawake ambako mwanamume haingii hata akija na kamera ya dhahabu. Mzee Njoroge, aliyekuwa na studio mjini, alikuwa akialikwa kumpiga picha bwana harusi, kisha akimtafuta bi harusi anarudishwa mlangoni. Akachoka kurudishwa. Siku moja alimwendea baba yangu, aliyekuwa fundi wa nguo duka la jirani, akamwambia, "Nipe huyu msichana wako nimfundishe kazi."

"Utamfundisha nini?" baba akauliza.

"Kuangalia."

Baba hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Lakini nikaenda.

Mwanzoni Mzee Njoroge hakunipa kamera, alinipa kiti. Kazi yangu ilikuwa kumketisha mteja karibu na dirisha, kisha kumsogeza polepole, mara karibu na mwanga, mara mbali, mara amegeuka kidogo. Kila nikimsogeza, mzee aliuliza kutoka kule nyuma, "Sasa uso umefanya nini?" Nami ilinibidi kujibu. Umekuwa mpana. Umechoka. Pua imerefuka. Macho yamezama. Nilidhani ni mchezo wa mzee aliyekosa wateja. Baadaye sana, nilipopewa kamera, ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na haja ya kubahatisha. Nilikuwa nimejua uso wa mtu unavyobadilika kabla hata sijajua kamera inafunguliwa wapi.

Kwa hiyo fanyeni hivyo. Mkalishe mama yako karibu na dirisha, bila simu mkononi, umzungushe. Atakuuliza kama umeanza kuugua. Mwambie ni kazi. Na jua la saa sita likiwa kali, usimsimamishe mtu katikati ya uwanja akakunja uso kama anayenusa gesi. Mpeleke chini ya kivuli cha baraza au cha ukuta, lakini mwache atazame nje kule kwenye mwanga. Mwanga laini utamfuata usoni wenyewe. Sijui kwa nini watu hulipia taa wakati kila duka la Nakuru lina baraza.

Harusi yangu ya kwanza upande wa wanawake, bi harusi alikuwa amepambwa, ana hina mpaka viwikoni. Kabla sijainua kamera, shangazi yake akaniuliza, "Hiyo filamu ataiosha nani?"

"Mimi mwenyewe," nikasema.

"Na Njoroge?"

"Njoroge ataona bahasha. Bahasha imefungwa."

Akanitazama, kisha akamwambia bi harusi, "Haya, vua mtandio." Na Mzee Njoroge hakuwahi kuzifungua bahasha hizo hata moja. Sikumwomba, na yeye hakuniahidi. Aliziweka tu kabatini zikiwa zimefungwa. Leo picha haioshwi, lakini swali la shangazi bado lipo. Mtu akikupa uso wake anataka kujua utaupeleka wapi. Kabla ya kuutupa mtandaoni, muulize.

Nikitoka kwenye mambo ya heshima nije kwenye mambo ya malori. Mai Mahiu, malori yanakopumzika, niliwahi kupiga picha nyingi za madereva. Dereva anataka kitu kimoja, aonekane yeye na lori lake zima, kuanzia taa mpaka gurudumu la mwisho. Ukirudi nyuma lori lienee, dereva anakuwa kama mchwa amesimama kando ya nyumba. Ukimkaribia, lori linakatwa. Wapiga picha wengi pale walikuwa wakigombana na wateja kwa jambo hilo. Siku moja nilimwambia dereva mmoja, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, aliache lori pale pale, yeye aje huku karibu nami.

"Sasa nikisimama huku, watu watajuaje ni langu?" akauliza.

"Simama kama mtu mwenye lori."

Akafikiri. Akaweka mkono kiunoni, akainua kidevu, na kule nyuma yake lori likaenea lote. Picha ilipotoka, madereva waliokuwa wakinywa chai kwenye kibanda walipanga foleni. Hiyo ndiyo siri, nanyi mkiwa na mtu na nyumba, mtu na ng'ombe, mtu na mlima Longonot, mvuteni mtu aje karibu na kamera. Kitu kikubwa hakihitaji kusogea. Kitaonekana tu.

Na kwa wale wa harusi za kule Lanet, nguo ya bi harusi nyeupe na uso wetu mweusi, mjue kamera ni mjinga. Ikiona nyeupe nyingi inaogopa, inapunguza mwanga, na bi harusi wa watu anatoka uso kama mkaa. Ukitumia simu, gusa uso wake kwenye kioo, usiguse nguo. Mwanga upimwe usoni. Nguo ikipauka kidogo hakuna atakayelia. Uso ukipotea, watalia wote, na mama mkwe ataanza.

Sasa nataka niwaambie la Keringet, kwa sababu hayo mengine yote mnaweza kuyapata kwenye video. Hili halimo.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu, kamera za kompyuta zimeshaingia na filamu zimeshapitwa. Msichana mmoja mwalimu, anaitwa Chelangat, alinipigia akaniomba niende kwao Keringet. Familia ilikuwa imemjengea bibi yake nyumba mpya ya mawe, na watoto wote na wajukuu wangekutana kuifungua kwa maombi. Alitaka picha moja kubwa ya wote, waitundike sebuleni.

Keringet ni juu, kuna baridi. Nilifika asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya viazi, ng'ombe wanatoa moshi puani. Watu walikuwa wengi, wamevaa vizuri, wengine wametoka Eldoret, wengine Nairobi. Tuliomba, tukaimba, tukala. Nikawapanga mbele ya nyumba, warefu nyuma, watoto chini, na katikati nikaweka kiti kizuri cha bibi, ambaye wote walimwita Kogo, maana yake bibi kwa lugha yao. Kiti kikabaki kitupu.

"Kogo yuko wapi?" nikauliza.

Chelangat akanivuta pembeni.

"Auntie, nilisahau kukuambia. Kogo hapendi picha. Tulidhani leo atakubali."

"Mmemwomba?"

"Mjomba amemwomba, pastor amemwomba. Ako kwa jikoni, amesema tuendelee bila yeye."

Nikawapiga picha na kiti kikiwa kitupu, maana watu walikuwa wanasikia baridi na watoto wameanza kuvutana nguo. Kisha nikaenda jikoni.

Sikilizeni hapa vizuri. Mtu akikataa kupigwa picha, usiende kwake na kamera shingoni ukitabasamu. Mimi niliingia, nikaitia kamera kwenye mkoba mbele yake, nikavuta zipu mpaka mwisho ili aisikie. Jiko lilikuwa la zamani, la mbao, limejitenga na nyumba mpya, na moto unawaka katikati. Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, mwanamke mwembamba, amejifunga shuka mabegani na kuvaa gambuti za mpira. Nikavuta kigoda kingine, nikachukua kisu, nikaanza kumenya.

Nikamaliza viazi vitatu vinne. Halafu akasema, "Wewe unamenya nyembamba. Watu wa picha si wanatupa nusu ya waru?"

"Mama yangu angenichapa," nikasema.

Akacheka kidogo. Baadaye akasema bila mimi kumuuliza, "Mimi sikatai picha. Nilikuwa na picha."

"Ilienda wapi, Kogo?"

"Ilichomeka."

Akanieleza taratibu, kisu hakisimami. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya mbao. Cheche iliruka kutoka kwenye bomba la moshi mchana wakiwa shambani, na walipofika ilikuwa inawaka yote. Watu wote walikuwa salama, ng'ombe salama. Lakini kwa ukuta kulikuwa na picha ya mwanawe wa mwisho, Kiprono, ambaye trekta lilikuwa limempindukia na kumuua mwaka uliotangulia. Hakuwa ameoa, hakuacha mtoto. Kitambulisho chake chenye picha kilikuwa kimesharudishwa ofisi ya serikali alipozikwa. Ile ya ukutani ndiyo ilikuwa picha pekee.

"Watu waliniambia, shukuru Mungu, nyumba ni mbao tu," Kogo akasema. "Mimi nashukuru. Nashukuru mpaka leo. Lakini sasa uso yake nimeanza kusahau. Nikifunga macho naona kofia yake, naona koti, uso haiko."

Niliendelea kumenya.

"Sasa wanataka kuniweka mimi kwa ukuta," akasema. "Na watoto wote, na wajukuu, kila mtu. Nyumba mpya. Mtu akiingia atasema, hawa ndio watu wa hii boma. Na Kiprono hayuko? Kwani sikumzaa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kile kiti kitupu.

Nikamuuliza ile picha ilipigwa wapi. Akasema ni Molo, kwenye studio iliyokuwa karibu na stesheni. Studio hiyo niliijua, ilifungwa zamani na mwenyewe alihama. Nikamuuliza kama Kiprono aliwahi kupigwa picha mahali pengine, shuleni, kanisani. Akatikisa kichwa.

"Hakupenda kuvaa vizuri. Alikuwa anapenda kazi. Hata harusi ya Mwalimu Sigei alienda na gambuti, na ndiyo hiyo ilisaidia, maana gari ya bi harusi ilikwama hapo chini kwa daraja. Yeye ndiye aliita wenzake wakasukuma."

Kisu changu kikasimama.

Harusi ya Mwalimu Sigei niliipiga picha mimi. Niliikumbuka kwa sababu ya mvua. Enzi za filamu hizo, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na gari la bi harusi lilizama matopeni kabla ya kanisa. Kila mtu alikuwa anahangaika na nguo ya bi harusi isichafuke. Mimi sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nilishuka nikasimama mbele ya gari, kando ya barabara, nikawapiga picha wanaume waliokuwa wakilisukuma kutoka nyuma. Nilipowapelekea maharusi picha zao kuchagua, ile hawakuitaka. Mama wa bi harusi alisema, "Hii ya matope utuondolee, isiingie kwa albamu." Nikaiondoa. Sikuwahi kuichapisha kubwa.

Sikumwambia Kogo hayo yote. Nilimwambia tu, "Nitaangalia vitu vyangu." Hilo nalo ni la kujifunza. Usimwahidi mtu picha ambayo hujaishika mkononi. Ningemwambia ninayo, angengoja, na kama ningeikosa ningekuwa nimemzika mwanawe mara nyingine.

Niliporudi Nakuru nilianza kutafuta. Negativu, vile vikanda vya filamu vyenye picha zilizogeuzwa rangi, nilikuwa nimeziweka kwenye makopo ya biskuti juu ya kabati la dada yangu. Mzee Njoroge alinifundisha kutotupa hata kikanda kimoja, hata cha picha iliyoharibika. Lakini makopo hayo yalikuwa yamekaa miaka, mvua moja ilikuwa imeingia paani, na vikanda vingine vilikuwa vimegandana kama karatasi za peremende. Nilivitenganisha kwa maji ya uvuguvugu, polepole, kimoja kimoja. Vingine vilitoka vitupu kabisa, picha imebaki ndani ya maji. Kila nilipopoteza kimoja nilijiuliza kama ndicho. Dada yangu alipita na sahani mkononi akauliza natafuta nini. Nikamwambia, "Mtu." Akadhani natania.

Harusi ya Mwalimu Sigei niliipata kwenye kopo la chini. Kanisa lilikuwepo, keki ilikuwepo, wazee wamekaa kwenye hema. Kikanda cha mwanzo, chenye gari, kilikuwa kimeliwa na unyevu ukingoni. Nikakiinua dirishani. Gari lilikuwepo. Na nyuma ya gari, wanaume.

Nilikwenda kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kuingiza filamu kwenye kompyuta. Alikipangusa kikanda, akakiingiza, akaniuliza, "Mathe, hii tukate hapa pembeni? Iko na doa."

"Usikate chochote," nikamwambia.

Picha ilipotokea kwenye kioo, nilikaa nikaitazama. Kulikuwa na wanaume kadhaa, wamelala mbele kwa nguvu, mikono kwenye buti la gari, matope yameruka mpaka kwenye nyuso. Wengine wamefumba macho. Mmoja amegeuka kabisa. Mmoja ameinua kichwa anacheka, mdomo wazi. Nami sikujua Kiprono ni yupi, wala kama yumo. Labda aliita wenzake, kisha akasimama nyuma yangu akielekeza. Labda ndiye yule aliyegeuka. Ningeweza kumtumia Chelangat kwa simu amuulize Kogo, na nilifikiria hivyo. Lakini nilijiuliza, kama hayumo, mama huyo atalijua hilo akiwa peke yake na kioo kidogo cha simu mkononi? Nikaichapisha kubwa, upana wa trei ya chai, nikapanda gari la Molo, na kutoka pale nikaenda Keringet.

Kogo alikuwa nje, anaosha vibuyu vya maziwa juani. Chelangat alikuwepo, shule zimefungwa. Aliponiona na bahasha kubwa yenye picha, akaniuliza kwa macho. Nikatikisa mabega.

"Kogo," nikasema, "hii ni harusi ya Mwalimu Sigei. Gari lilipokwama. Sijui kama kuna mtu unayemjua. Angalia wewe."

Akafuta mikono kwenye shuka. Akaichukua picha, akaiweka magotini, akainama. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo alianza upande mmoja akaenda na kidole. Kidole kilipita kwa wa kwanza. "Huyu ni Arap Soi, alihamia Bomet." Kikapita kwa wa pili. Kikapita kwa yule aliyegeuka, kikasimama muda mrefu juu ya mgongo wake, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kusema. Kisha kidole kikasogea tena. Kikafika kwa yule anayecheka.

Chelangat akapiga magoti kando yake.

"Ndiye?" Chelangat akauliza polepole.

Kogo aliinama zaidi. Aligusa mdomo wa yule kijana kwenye karatasi, halafu akajigusa mdomo wake mwenyewe.

"Alikuwa anacheka hivi," akasema. "Mimi nilisahau. Nilisahau kabisa kama alikuwa anacheka hivi."

Chelangat alikuwa analia. Kogo hakulia. Alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu.

"Ile ya ukuta alikuwa amekasirika," akaniambia. "Yule mtu wa Molo alimwambia akae kama askari, afunge mdomo. Mimi kila siku nilikuwa naangalia hiyo. Ilipochomeka nikawa natafuta hiyo kwa kichwa, ile ya kukasirika. Ndiyo maana nilikuwa sioni uso. Nilikuwa natafuta mtu mwingine."

Vijana wangu, nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Nimewaambia watu wangapi maishani wafunge mdomo, wanyooke, wasipepese? Studio zote tulifanya hivyo, ndivyo tulivyofunzwa, na picha zilitoka safi. Na huyu mama alikuwa amempoteza mwanawe nyuma ya picha safi. Ile aliyorudishiwa ilikuwa na doa ukingoni, watu wamefumba macho, haikupangwa na mtu yeyote. Basi pangeni watu, ndiyo, ni kazi. Lakini mkishamaliza kupanga, na wao wakidhani mmemaliza, kaeni na kamera dakika nyingine. Na gari likikwama, shukeni.

Kogo alimpa Chelangat picha aishike. Akasimama, akafunga shuka yake vizuri.

"Sasa wewe si uko na kamera?" akaniuliza.

"Niko nayo."

"Toa."

Nikaitoa. Nikamwambia asogee kidogo kwenye kivuli cha jiko, atazame kule shambani kwenye mwanga. Akakataa kiti. Alisimama na gambuti zake, mikono imeshuka, akanitazama moja kwa moja kama mtu anayengoja kupimwa presha. Uso ulikuwa mgumu. Nilijua nikibonyeza hapo nitakuwa nimefanya kama yule wa Molo. Nikangoja. Sikumwambia acheke. Nilishika kamera tu, naye akanishika kwa macho.

Kisha kitu kikamjia.

"Hiyo gari," akasema, "ilitoka?"

"Ilitoka, Kogo. Lakini bi harusi alifika kanisani ameloa, na wale waliosukuma walikuwa weusi kwa matope, hata bwana harusi hakuwajua."

Akacheka, mdomo wazi, kichwa juu. Nikabonyeza.